Barua kwa Figo la Kushoto

Kwako, figo langu la kushoto,
ambalo sasa si langu, wala si la kushoto:
wamekulaza kulia, chini, karibu na nyonga ya kaka yangu,
kama mgeni aliyetandikiwa sebuleni
kwa kuwa wenyeji wawili, wamesinyaa, hawafanyi kazi,
lakini chumbani hawakufukuzwa.

Hujambo? Hapa Riga theluji imegeuka tope.
Bado naendesha tramu, zamu ya alfajiri,
na kovu hunigusa kila nikivuta breki.

Nakiri: miaka arobaini na minne sikukujua.
Moyo nilimsikia; huyo hupiga kelele ili atungiwe mashairi.
Tumbo hudai. Wewe ulikaa nyuma, chini ya mbavu,
ukubwa wa ngumi yangu,
ukipokea damu na kuirudisha, ukipokea na kuirudisha,
wala hukuwahi kuomba likizo.

Daktari Grīnvalde alinichorea nyuma ya risiti:
vichujio milioni moja, kila kimoja fundo la mishipa
iliyo myembamba kuliko unywele.
Lita mia na themanini kwa siku, wewe na mwenzako!
Nikakumbuka bibi akichambua njegere za kijivu usiku wa Krismasi:
kwanza alizimwaga zote mezani,
kisha akarudisha bakulini zilizo njema,
na takataka akaifagia kwa kiganja.
Hivyo mlivyorudisha maji, sukari, chumvi ya kutosha.
Iliyofagiwa ni lita moja na nusu,
ikashuka kwenye mirija, ikangoja kibofuni
mpaka nifike kituo cha mwisho.

Haja ndogo, watu huiita.
Ndogo!
Tālis hakuipata miezi kumi na tisa.

Damu ni nzito kuliko maji, husema; sijui waliipimia wapi.
Maji yaliyokosa mlango yalimpanda miguuni,
kwenye kope, kifuani, hata akalala ameketi.
Mate yakawa na ladha ya shaba.
Ngozi ikamwasha mahali ambapo kucha hazifiki.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, saa nne mashineni,
damu inatoka kwa mpira, inaingia kwa mpira,
na ya kunywa nusu lita tu.
Alifyonza vipande vya barafu akivihesabu.

Machi, jirani alipotoboa mti wa mbetula,
utomvu ukidondoka chupani,
Tālis alinipigia simu. Miaka sita hatukusemezana.
Hakuomba figo. Aliuliza tu:
«Bado ni mtamu?»

Ugomvi wetu unaujua, ulikuwemo:
matofaa ya mama, bustani aliyoiuza bila kuniuliza.
Sikuwa nimemsamehe.
Nilikutanguliza wewe; msamaha bado ulikuwa kwenye foleni.

Wanasema walipofungulia mshipa
uliacha ukijivu, ukaiva rangi ya waridi,
na kabla hawajamaliza kushona
ukakojoa palepale, ukamlowesha daktari mikono.
Grīnvalde alicheka ndani ya barakoa.
Mimi nilikuwa chumba cha pili, nimelala kama gogo,
sikukuaga.

Kesho yake nilisukumwa kwa kiti hadi kitandani kwake.
Mfuko ulining'inia pembeni.
Tone.
Tone.
Tukautazama, wazee wawili wazima,
kama watu wanaosubiri chupa ijae chini ya mti.
Matofaa hayakutajwa.

Mwenzako wa kulia amenenepa; anabeba na zamu yako. Anakusalimu.
Sina mengi zaidi.
Ila mwambie kaka yangu, maana mimi hanisikii,
asinipigie saa tisa usiku:
«Skaidrīte! Nimeamka tena. Mara ya tatu!»
Kisha nasikia maji ya choo yakivutwa, upande wa pili wa mji,
naye anacheka peke yake,
na mimi, kwa kusikia tu,
nimeshabanwa.